Helmeti ya Shija na Sikio la Kushoto

Nyie vijana mkipita hapa kibarazani mkaniona na bisibisi mkononi, msidhani nimerudi kazini. Nimestaafu. Fundi redio haandikiwi barua, anastaafishwa na macho. Siku niliyochoma kidole changu mwenyewe nikidhani nalehemu waya, nikajua basi, yatosha.

Lakini maswali yenu hayastaafu. Kila mmoja anakuja na lile lile: "Fundi, sauti haisikiki, niweke spika kubwa?" Nami najibu, kabla ya spika kubwa niambie kwanza nani anasikiliza. Mnacheka. Mnaona mzee kaanza mafumbo. Si fumbo. Jibu hilo nililipata miaka ya tisini, na nusura lije na maiti.

Nina madaftari yangu ya wakati ule. Nilipomaliza kidato cha nne nilijiona msomi, nikawa naandika kila kitu: nimetengeneza nini, nimegombana na nani, nimekula wapi. Nikiyasoma sasa naona aibu. Kila ukurasa una neno "haraka". Haraka nimefungua, haraka nimelehemu, Mzee Sefu ananichelewesha.

Mzee Sefu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa mjini hapa Shinyanga, babu zake walitoka upande wa Ujiji. Meza yetu ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la Mama Bhanu, Mhindi aliyeuza vitambaa, sponji, achari na maharage. Mzee Sefu redio ikiletwa haifungui. Anaiweka mbele yake, anaitazama, anakunywa chai. Mimi nimeshashika bisibisi, yeye anamwuliza mwenye redio: "Inakaa wapi nyumbani? Nani anaiwasha? Watoto wangapi?" Nikawa najiuliza, huyu ni fundi au mjumbe wa nyumba kumi?

Basi Alhamisi moja asubuhi akaja Shija. Kijana mrefu, umri wangu hivi, kabeba kifuko cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mkono mmoja na helmeti mkono wa pili. Akapiga magoti kidogo kwa Mzee, "Shikamoo baba," akaitikiwa, akakaa. Jina lake tu likatuambia kwao kulikuwa na mapacha kabla yake.

Akatueleza kazi yake, na mimi nikaacha kulehemu. Shija alikuwa askari wa miavuli zamani. Alipotoka jeshini akachimba dhahabu miaka miwili upande wa Masumbwe, kisha akapata kazi kwenye kambi ya watafiti wa madini waliokuwa wanapima ardhi kwa ndege. Rubani wao, Mzungu mmoja waliyemwita Kapteni, alikuwa na ugonjwa wa kuruka na parachuti. Siku za kazi anarusha ndege, Jumapili anampa mwenzake airushe, yeye anajitupa nje. Alipogundua Shija anajua miavuli, akampa kazi ya kuikunja na kuruka naye.

"Sasa hiki," Shija akasema, akatoa ndani ya helmeti kidude kidogo kama kiberiti, "ni altimita inayolia, kipimo cha umbali mpaka ardhini. Ya mkononi inabidi uitazame. Lakini ukiwa unaanguka unageukageuka, huna muda wa kutazama mkono. Hii inakaa sikioni. Ukifika mahali pa kufungua mwavuli, inalia."

"Na isipolia?" nikauliza.

"Unaendelea kwenda."

Mzee Sefu akaweka kikombe chini.

Shija akasema Jumapili iliyopita alifungua chini sana. Mama anayepika kambini alimwaga sufuria nzima ya uji kwa kukimbia. Kapteni akamwambia mara moja tu, tena bila kupiga kelele: akifungua vile tena, hapandi ndege yake tena maisha. Na Jumapili inayokuja mama yake Shija anatoka kijijini, kwa mara ya kwanza kumwona mwanawe akitoka mbinguni.

"Kidude hakisikiki, fundi. Niongezee sauti."

Mimi nilishatoa bisibisi ndogo. Mzee Sefu akanishika mkono. "Masanja. Kwanza tujue anayeumwa ni nani."

Sasa sikilizeni hapa, maana hiki kitu nawaachia bure. Utajaribuje kidude kinacholia mtu akianguka kutoka juu, nawe uko barazani? Mzee Sefu akachukua pampu ya baiskeli. Akaitoa ile ngozi ya ndani, akaigeuza nyuma mbele, akairudisha. Pampu ikiwa hivyo haisukumi upepo, inauvuta. Mama Bhanu akatoa chupa kubwa ya achari, tukaiosha ingawa ilibaki inanuka embe mpaka leo, tukatoboa kifuniko, tukapitisha mpira, tukaziba kwa nta. Kidude ndani. Ukivuta upepo, kidude kinadhani kinapanda, kwa sababu juu hewa ni nyepesi. Ukiuachia urudi, kinadhani kinashuka.

Nikavuta, Shija akahesabu. Nikauachia upepo taratibu, kwa adabu zote. Kimya.

"Kimekufa," nikasema. "Naomba nifungue."

"Wewe," Mzee akasema, "mtu akitupwa kutoka kwenye ndege anashuka taratibu hivyo? Hapo kidude kinadhani kiko ndani ya ndege inatua. Achia ghafla!"

Mara moja tu katika ujana wangu nilifanya jambo polepole, na ndilo likawa kosa. Nikavuta tena, nikachomoa mpira ghafla. Kidude kikalia ndani ya chupa mpaka Mama Bhanu akatoka dukani. "Nini hiyo? Panya?"

Basi kidude kizima. Mzee Sefu akaenda msikitini kuswali adhuhuri, mimi nikabaki na helmeti, na daftari linaonyesha jinsi nilivyofurahi kubaki peke yangu. Nilishaona kosa: mfuko wa kidude uko upande wa kushoto, na sponji yake imeziba tundu dogo la sauti. Nikakata sponji. Nikaivaa mwenyewe, nikabonyeza kitufe cha majaribio, kikanichoma sikio. Safi kabisa.

Nikataka kupima kwenye kelele. Jirani palikuwa na mashine ya kukoboa, ikiwaka hata mawazo yako huyasikii. Nikaunga nyaya mbili nyembamba kwenye kitufe, nikazitoa nje ya helmeti, ili niweze kubonyeza nikiwa mbali kidogo. Shija akavaa, akasimama karibu na injini, mimi mbele yake. "Ukisikia nyosha mkono!" Nikabonyeza, akanyosha. Nikakaa kidogo, nikabonyeza, akanyosha. Kila mara. Hakukosea hata mara moja.

Daftari linasema hivi, nawasomea: "Kazi imekwisha kabla Mzee hajarudi. Yeye angechukua siku mbili."

Mzee akarudi, akaagiza chai. Shija alikuwa amekaa kwenye benchi, ubavu wake wa kushoto umeelekea mlangoni. Mzee akasimama pale mlangoni na birika. "Karibu chai, mwanangu."

Kimya.

"Baba Shija, karibu chai."

Shija anatazama barabarani, anatikisa mguu.

Hapo nikawaka. Mtu mzima anakukaribisha, tena kwa heshima ya kukuita baba, nawe unamwangalia ng'ombe anayepita? Nikaona ndiyo haya, mtu akishapanda ndege anatuona sisi wa chini sisimizi. "We bwana! Mzee anakusemesha! Kwenu Usukumani hamfundishwi?"

Shija akashtuka, akatazama mdomo wangu, kisha wa Mzee, akaruka kusimama. "Samahani baba, samahani sana, nilikuwa mbali kimawazo."

Nikaendelea kunung'unika. Mzee Sefu hakununa hata kidogo. Alimmiminia chai, akazunguka nyuma ya benchi kama anakwenda kuchukua sukari, akafika upande wa kulia wa Shija, akasema kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliipata kwa shida: "Michembe hii mitamu."

Shija akageuka anatabasamu. "Mama ndiye kaanika, baba."

Mzee akanitazama mimi. "Masanja, ulimpimaje?"

"Kwenye mashine. Amesikia zote."

"Macho yake yalikuwa wapi?"

 Macho yake yalikuwa kwenye kidole changu. Mtu hakuwa anasikia chochote. Alikuwa ananiona ninavyobonyeza.

Vijana, sijawahi kuona aibu kama ile. Na aibu haikuwa ya kukosea. Mimi ningemkabidhi ile helmeti, angekwenda nayo, na Jumapili mama yake angesimama pale na khanga yake mpya akitazama juu.

Tukamvalisha Shija helmeti, tukamgeuzia uso ukutani, hapo hapo dukani penye utulivu. Nikabonyeza. Mkono haukunyanyuka. Nikabonyeza tena. Mama Bhanu, aliyekuwa kwenye mizani yake, anasikia. Shija hasikii, maana la kulia limezibwa na sponji nzito ya helmeti. Mzee akakitoa kidude, akakiweka sikio la kulia. Kabla kidole changu hakijatoka kwenye kitufe, mkono wa Shija uko juu.

Akabaki ameegemea ukuta, hakugeuka. Akatueleza akiwa hivyo hivyo. Kule Masumbwe, ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, mwenzake aliwasha baruti kabla ya wakati. Shija alikuwa bado anapanda kamba, ubavu wa kushoto ukiwa chini. Toka siku hiyo upande ule anasikia magari na ngoma, lakini ndege wa asubuhi na filimbi havipo tena.

"Kapteni anajua?" Mzee akauliza.

"Hajui. Baba, nakuomba. Hamishia kidude kulia, basi, nani atajua? Akijua ataniacha chini. Nikiachwa chini nirudi wapi? Kwenye duara?"

"Nitahamisha," Mzee akasema. "Lakini helmeti haitoki hapa peke yake. Masanja ataibeba mpaka kambini, na wewe utamwambia mwenye ndege kwa mdomo wako."

"Mimi?" nikasema. "Nina redio sita hapa!"

"Una redio sita na ulimi mmoja uliomtukania mtu kwao. Utakwenda."

Kazi yenyewe tuliifanya Ijumaa nzima, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu saa. Sponji ya Mama Bhanu, ile laini ya mto, tukaichonga kufuata sikio la Shija la kulia. Mzee akanifundisha jambo ambalo mpaka leo nalitumia: sauti nene ni kama maji, inapita popote, lakini sauti nyembamba ni kama mwanga wa tochi. Ukiielekeza pembeni imepotea. Kitambaa kizito kinaimeza. Kwa hiyo tundu la kidude lazima litazame tundu la sikio, na kati yao pasiwe na kitu, ila kidude kisigandamize sikio, maana likiumia mtu ataanza kuvaa helmeti upande. Tukashona mfuko mdogo wenye kifuniko ili kidude kisichomoke. Tukaziba mianya ya chini, kwenye kidevu, maana huko ndiko upepo unaingilia na kupiga mluzi. Shija alivaa na kuvua mpaka nywele zikalala.

Jumamosi tukapanda lori la mizigo, tukapita Kagongwa kwenye magunia ya mchele, tukafika kambini vumbi tupu. Kapteni alikuwa mfupi, mwekundu, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini kinakwenda. Akaitazama helmeti, akageuza geuza. "Nani ameshona? Nzuri. Lakini kwa nini umehamisha kulia?"

Mimi nikatazama miguu yangu. Shija akaichukua helmeti mikononi mwa Kapteni. Kisha akasema.

"Sikio la kushoto sina, Kapteni. Sikuwa nalo toka siku ya kwanza."

Kapteni akakaa juu ya tairi. "Mwaka mzima? Sasa ulikuwa unafungua vipi?"

"Nilikuwa nakutazama wewe. Ukifungua, nafungua."

"Na Jumapili ile?"

"Nilikupoteza. Niligeuka, sikukuona tena."

Ndivyo alivyonifanyia na mimi kwenye mashine. Mwaka mzima mtu alikuwa anaanguka kutoka juu akiegemea macho ya mwenzake.

Nilidhani Mzungu atatukana. Hakutukana. Akasimama, akasema, "Panda pikapu."

Tukapanda nyuma, Shija na mimi. Kapteni akaingia kwenye usukani, akaelekeza gari kwenye uwanja wao wa ndege wa vumbi, akakanyaga. Shija amesimama ameshika bomba, helmeti kichwani, na kitambaa amefungwa machoni. Mimi nyuma yake nimechuchumaa na nyaya zangu. Upepo ulichukua kofia yangu, nadhani iko Rwanda sasa. Vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Nikabonyeza, mkono juu. Nikasubiri, nikajifanya nabonyeza bila kubonyeza, mkono haukunyanyuka. Nikabonyeza mara mbili upesi, akanyosha vidole viwili, jeuri huyu! Kapteni alikuwa anatutazama kwenye kioo. Tulikwenda na kurudi mara nne, mara ya mwisho kwa kasi mpaka nikasahau kubonyeza nikabaki nasali tu.

Aliposimamisha gari akazunguka nyuma, akamfungua Shija kitambaa. "Kesho unaruka. Lakini unatoka kwanza, peke yako. Mimi nabaki kwenye ndege. Hakuna mtu wa kumtazama. Sawa?"

"Sawa."

Jioni ile nilizitoa nyaya zangu zote, nikakagua kitufe mara tatu. Nyie mnacheka mtu kukagua mara tatu. Haya.

Jumapili mama yake akaja, wanamwita Mama Kulwa kwa jina la pacha wa kwanza. Mwanamke mwembamba, mkavu, hana maneno mengi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza mhola, habari ya Kisukuma, nikasema mhola duhu, nzuri tu. Ndege ikapanda mpaka ikawa kama inzi.

"Wewe ndiye fundi wa kile kinacholia?"

"Ndiyo, mama."

"Kimejaribiwa?"

"Kimejaribiwa, mama."

"Ulikijaribu kwa sikio lako au lake?"

Nikamtazama. Alikuwa anajua. Mama yupi asiyejua mwanawe anageuzia kichwa upande gani akiitwa?

"Lake, mama. Akiwa amefungwa macho."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaona kitu cheusi kimetoka kwenye ndege.

Sijui kama mmewahi kutazama mtu anaanguka. Mwanzoni haanguki, amening'inia tu pale, mpaka unaanza kusema mbona hashuki. Kisha anakua. Anakua mkono, anakua mguu. Mama mpishi wa kambi alikuwa ameshaweka sufuria chini mapema, amejifunza. Mimi nilikuwa nakisikiliza kile kidude, mtu mzima mzima, eti nisikie kutoka ardhini! Nikawa nasema kimoyomoyo, lia, lia, lia basi.

Mwavuli ukafunguka. Juu! Juu kabisa, mbali na miti, mwekundu na wa njano, umetanda kama khanga iliyoanikwa. Nikakaa vumbini na suruali yangu ya safari. Mama Kulwa hakukaa. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akajifuta uso akasema, "Anaona njaa huyo, hajala."

Shija akatua kwenye shamba la choroko la watu, akaja anakimbia huku anaburuta nguo ile yote. Akanikumbatia na helmeti yake ikanigonga pua. "Masanja! Kimelia! Mara ya kwanza nilidhani mbu, mara ya pili nikakumbuka! Kinapiga kelele kama Mama Bhanu akikuta mtu amekalia gunia la maharage!"

Alikuwa analia na kucheka. Mwaka mzima alikivaa, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukisikia.

Nikamwambia, kutoka upande wa kulia, "Nisamehe lile la kwenu Usukumani."

"Lipi?" akasema. "Mbona sikulisikia?" Kisha akanikonyeza, mshenzi yule.

Basi ndiyo jibu lenu. Kabla ya spika kubwa, jua nani anasikiliza, na umpime akiwa amefumba macho. Kifaa kinachosikika kwako wewe fundi tu hakijatengenezwa bado.

Na jingine dogo. Miaka thelathini ya kujaribu spika kwa sikio lile lile haiachi kitu salama. Mkinipita hapa barazani mkasema shikamoo nisiitikie, msiende mkasema mzee ameanza maringo. Zungukeni upande wa kulia, mseme tena. Nipo.